Pipi ya Mwisho ya Mme Puseletso Ramoeletsi

Tarehe 31 Desemba mwaka huu Mme, yaani Mama kwa Kisotho chetu, Puseletso Ramoeletsi anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwafundisha watu kunyamaza katika Idara ya Saikolojia ya chuo chetu hapa Mangaung. Aliajiriwa Februari 1991, akakabidhiwa mwaka wa nne, yaani ule wa shahada ya Honours, na hakuuachia tena. Wakuu wa idara wamekuja na kuondoka, mapazia yamebadilishwa, jengo limepakwa rangi ya maziwa, kisha ya kijivu, kisha ya maziwa tena. Mme amebaki na mwaka wake wa nne.

Kwa faida ya wageni waalikwa, hasa ndugu zake waliotoka Ficksburg na masanduku ya cheri (asanteni sana, nusu tumekwisha kula), mwaka wa nne ndio mlango. Miaka mitatu ya kwanza mwanafunzi husoma habari za watu. Mwaka wa nne anakalishwa kwenye kiti mbele ya mtu, mlango unafungwa, na yule mtu anaanza kulia. Anayevuka mwaka huo huenda kwenye mafunzo kazini, akafanya mtihani wa baraza la taaluma yetu, akaandikishwa kuwa mshauri nasaha. Asiyevuka anabaki na maarifa tele na hana ruhusa ya kuyatumia kwa mtu yeyote.

Kabla sijaendelea, niseme juu ya jambo ambalo kila mmoja humu ukumbini anajifanya halioni. Ndiyo, shavu la kushoto la Mme limetuna. Si jino. Ni pipi ya minti, nyeupe na ngumu, ileile ambayo wengi wenu mliiogopa kuliko mtihani wa takwimu. Nimemwekea mwenyewe kiganjani alipoketi, naye ameitia mdomoni bila ubishi, na kwa kanuni yake mwenyewe hana ruhusa ya kusema neno mpaka iishe yenyewe. Kuitafuna ni kosa. Hii ndiyo nafasi ya kwanza tuliyoipata tangu 1991 ya kusema yeye akiwapo, na ninakusudia kuitumia yote.

Jambo la pili ni kwamba kuna mwanafunzi mmoja ambaye matokeo yake hayajatoka. Boipelo Mohapi, yule wa safu ya mbele mwenye gauni la njano, ana nafasi ya mafunzo kazini huko Welkom kuanzia Januari, na nafasi hiyo inangoja alama moja tu. Alama hiyo hivi sasa imo mdomoni mwa Mme, nyuma ya pipi. Nitaeleza imefikaje huko.

Tuanze na ukweli usiofichika. Mwalimu wa kunyamaza anayesifika jimbo zima ni mtu asiyeweza kunyamaza. Mme akitoka ofisini kwenda maktaba, mwendo wa kuvuka ua tu, inafaa abebe chakula cha mchana. Atamsalimu mlinzi, atauliza habari za goti la mama wa mlinzi, atakumbuka kwamba yeye pia alikuwa na shangazi mwenye goti, na shangazi huyo aliolewa mara mbili, na mume wa pili alikuwa na farasi, na hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanza. Mkuu mmoja wa idara aliwahi kumpa nafasi fupi ya kutoa taarifa kwenye mkutano wa wafanyakazi. Mkuu huyo amekwisha staafu, na nadhani taarifa bado inaendelea.

Sasa mtu wa namna hii alipataje kuwa malkia wa ukimya? Amenisimulia mwenyewe, mara nyingi, na kila mara ni ndefu zaidi. Alipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, mteja wake wa kwanza kabisa alikuwa bibi mmoja wa Thaba Nchu ambaye mwanawe alikwenda migodini asilete habari. Puseletso alikuwa na hofu. Akaijaza saa nzima kwa maneno. Akamweleza bibi hatua za huzuni, akamweleza habari za kaka yake mwenyewe, za shule aliyosoma, na za mwalimu wa hesabu aliyemwonea. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, mkoba wake umepakatwa mapajani.

"Pole sana, mwanangu," bibi akasema saa ilipokwisha. "Umepitia mengi. Njoo tena wiki ijayo tuendelee."

Kisha akafungua mkoba, akampa pipi ya minti, kama bibi zetu wote wanavyowapa watoto kanisani mahubiri yakirefuka. Wiki iliyofuata Puseletso aliitia pipi ile mdomoni kabla ya kuingia chumbani. Bibi akasema saa nzima. "Ndipo nilipolijua jina la mwanawe," Mme husema akifika hapo, na hapo huwa hacheki.

Tangu alipoajiriwa, hakuna mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyeketi mbele ya mteja wa mazoezi katika muhula wa kwanza bila pipi. Mteja akianza kusema, unaitia mdomoni. Unaimumunya. Huulizi, hushauri, humwelezi habari za shangazi yako. Pipi ikiisha na bado ukadhani una la kusema, lisemwe. Wengi hugundua hawana.

Mimi nilipita mikononi mwake mwaka 1999. Katika kikao changu cha kwanza mteja aliniambia kwamba mkewe amemhama, nami nilikuwa na ushauri mzuri mno, ushauri uliokuwa ukiniwasha ulimi. Nikaitafuna pipi. Wanaojua chumba cha mazoezi wanajua kuna kipaza sauti mezani, na kuna kile kioo ambacho walio upande wa pili wanakuona nawe huwaoni. Darasa zima huko nyuma lilisikia mshindo. Mlango ukafunguliwa.

"Abuti Motlatsi," Mme akasema, akiniita kaka kama anavyowaita vijana wote, "mwenzio ameachwa na mke, halafu wewe unamchanjia kuni?"

Mteja alicheka mpaka akasahau kwamba ameachwa. Leo nina mvi, nina shahada ya udaktari, nina ofisi yenye dirisha, na wanafunzi wakidhani sisikii bado wananiita Ntate Kuni, yaani Mzee Kuni.

Si kunyamaza tu alikotufundisha. Alituvusha pia mwezi wa Machi, ambao idarani kwetu ni mwezi wa magonjwa. Ndipo mwaka wa nne wanaposoma orodha nzima ya maradhi ya akili na kuyakuta yote nyumbani kwao. Mwanafunzi mmoja alimpigia simu Mme Jumapili.

"Mme, nimejichunguza. Nina magonjwa matatu."

"Matatu tu? Basi hujamaliza kitabu. Endelea na sura zilizobaki, utaongezewa."

Mwingine alimpima mjomba wake akili kwenye sherehe ya mahari, mbele ya wakwe, akafukuzwa kabla nyama haijagawiwa. Mme alimwambia kwamba uchunguzi wake ulikuwa sahihi ila angengoja nyama. Na kuna yule ambaye hakuweza kuacha lile swali letu la "na hilo linakufanya ujisikieje?" hata akamuuliza mama muuza magwinya, yale maandazi yetu, pale getini, asubuhi, watu wamejipanga nyuma yake na baridi ya Juni inauma. Mama yule akamjibu, "Linanifanya nijisikie kwamba unazuia foleni." Mme aliposimuliwa alipiga meza kwa furaha. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiuliza swali pasipostahili, darasa zima humwambia anazuia foleni.

Haya, mafanikio, maana ofisi ya utumishi imesema wasifu bila mafanikio hautachapishwa. Ni yeye aliyeanzisha huduma ya Jumamosi kule Botshabelo, ambako wanafunzi wetu huketi na wateja wa kweli katika ukumbi wa kanisa, chini ya usimamizi. Hajawahi kukosa Jumamosi ya baridi, akiwa amejifunika blanketi lake la kahawia karibu na hita ya mafuta ya taa. Ni yeye aliyepigania kile kioo hadi kikawekwa. Ni yeye aliyekuwa zamuni siku wakaguzi wa baraza walipokuja kuamua kama mwaka wetu wa nne unafaa kuandaa watu kwa kazi hii. Wakaguzi walipita madarasani wakaona vijana wametuna mashavu, mmoja akauliza kama kuna tatizo la meno jimboni. Mme akawapa na wao pipi, kila mmoja yake, akawaketisha nyuma ya kioo. Hawakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama na kusikiliza. Walipotoka walitupitisha, na mmoja wao aliomba pipi nyingine ya njiani.

Lakini somo alipendalo kuliko yote, na ndilo lililotukusanya hapa leo, ni la mwisho wa mwaka. Ni somo la kuagana. Tangu kikao cha kwanza mteja anaambiwa kwamba vikao vina mwisho, na kila wiki anakumbushwa, ili siku ikifika isimwangukie. Na siku hiyo anayefunga kikao si mshauri. Ni mteja. Yeye ndiye anayeondoka, kwa hiyo yeye ndiye anayesema "bakini salama", kwa kinywa chake, nasi tunaobaki ndio tunaojibu "nenda salama". Hivyo ndivyo tunavyoagana majumbani, na Mme haoni kwa nini chumba cha ushauri kiwe na adabu ndogo kuliko jikoni kwa mama yake. Mteja asipoaga, asema Mme, hajaondoka, ameponyoka tu, na mshauri hajapata alama. Wapo humu waliofelishwa kwa kumtangulia mteja kusema kwaheri. Naona wawili wanainamisha vichwa.

Hapo ndipo Boipelo alipokwama mwaka huu. Mengine yote aliyaweza. Pipi aliimumunya bila hata kuigonganisha na jino. Mteja wake wa mazoezi alikuwa Ntate Ramakatsa, mnajua sauti yake ya besi kutoka kwaya, mstaafu wa reli, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akituigizia mgane aliyezama katika huzuni. Mkewe, Mme Mamello, yuko hapa leo, mzima kabisa, na ndiye aliyeoka keki.

Vikao vilipangwa vinne. Katika cha nne Ntate Ramakatsa alifanya alivyoagizwa. Akajinyoosha, akavuta pumzi, akasema anaona amepata nafuu. Ilikuwa zamu ya Boipelo kungoja neno la kuaga. Badala yake macho yalimlengalenga.

"Lakini Ntate, wiki ijayo je? Njoo hata kidogo tu."

Ntate Ramakatsa ni mtu mwenye huruma. Akaja. Kwa kuwa huzuni ya mke ilikuwa imekwisha ponywa, na kuponywa vizuri, ilimbidi atafute nyingine. Akaleta goti. Wiki iliyofuata akaleta jirani anayehamisha mpaka. Boipelo akayapokea yote kwa upole wa ajabu na kumpa miadi nyingine. Siku moja nilimkuta mzee ukumbini anajifuta jasho.

"Daktari, nisaidie. Leo nimemuua mbwa."

"Mbwa gani, Ntate?"

"Sina mbwa! Nimemtunga na nimemuua. Nilikuwa sina kingine. Binti ameniangalia kwa macho yale, nikaona siwezi kumwambia nimepona. Wiki ijayo sijui nitamuua nani."

Nyumbani, naambiwa, Mme Mamello alikuwa akipokea mkebe wa chakula mlangoni na kuuliza, "Leo umeniua tena?" naye akijibu, "Leo umepumzika, mama. Ilikuwa zamu ya mbwa."

Ikabidi Boipelo apewe sifuri katika kuagana. Alilia kwenye korido, mgongo ukutani. "Nikiwaacha waende, Mme," akasema, "nitajuaje kama wako salama huko?" Mimi nilikuwa nimesimama karibu, nikingoja jibu refu. Mme hakutoa jibu lolote. Alimpiga piga begani, akampa pipi, akampangia mtihani wa marudio. Mme Puseletso kukosa jibu! Ningekuwa mwanasaikolojia mzuri ningeshtuka palepale.

Siku ya marudio, wiki jana, Ntate Ramakatsa alikuwa Maseru na kwaya. Mme akasema haina neno, yeye mwenyewe atakaa kiti cha mteja, na mkasa anao kichwani. Tukaketi nyuma ya kioo, mimi nikiwa mtahini wa pili na wanafunzi wenzake Boipelo wamejibana kwenye benchi. Mkasa ulikuwa hivi: mama mmoja anaondoka mahali alipokaa miaka mingi na hajamwambia mtu. Nilifurahi. Nikawanong'oneza vijana, "Huyu mama ana akili, tazameni mkasa ulivyofumwa."

Mme alianza kwa kasi yake ya kawaida. Akasema juu ya paa la nyumba ya Ficksburg linalovuja, dada yake anayemngoja, miti ya cheri na ndege wanaozila. Boipelo aliimumunya pipi yake. Mme akaingia kwa shangazi mwenye goti. Boipelo akamsikiliza. Mume wa pili akapita, farasi akapita. Kisha, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu, maneno ya Mme yakaisha.

Mme akakohoa.

"Unafanya vizuri, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mwalimu.

Boipelo akamtazama tu.

"Nimesema unafanya vizuri. Unaweza kuniuliza swali sasa."

Boipelo hakuuliza. Pipi yake ilikuwa imekwisha zamani, shavu limeshuka, lakini aliendelea kukaa kimya kwa hiari yake. Mme akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Nimekwisha peleka barua utumishi," akasema. "Desemba. Nilitaka niondoke chuo kikiwa kitupu, kama mtu anayekwenda dukani mara moja. Wao waje Januari wakute ofisi imefagiliwa."

Nyuma ya kioo mmoja wa vijana alisema, "Anaigiza, si ndiyo, Ntate?" Chai yangu ilikuwa imenimwagikia magotini na sikuwa nimesikia hata moto wake. Nilikuwa nimekasirika. Nasema wazi, Mme, na pipi ikuzuie kujitetea. Mtu aliyenifundisha kazi hii, aliyenifelisha mara moja na kunipitisha mara moja, aliyekuja kwenye mazishi ya baba yangu na kuwasemesha wafiwa wote mpaka wakala, alikuwa anakusudia kuniponyoka.

"Kwa nini hutaki kuwaaga?" Boipelo akauliza. Hilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Nikiaga nitalia. Nikilia sitaweza kusema. Na mimi nisiposema, sijui mimi ni nani."

Boipelo akafikiri. "Basi utakaa kimya kidogo," akasema. "Tutangoja. Sisi tumezoea kungoja, Mme. Umetuzoesha mwenyewe."

Benchi zima lilikuwa linalia, na mimi pia, kwa hiyo sitawataja majina. Taa ya kumaliza muda ikawaka juu ya mlango. Sote tulijua sasa Boipelo atafanya nini. Tulimwona anainama mbele, tuliona midomo inajiandaa kusema wiki ijayo. Kijana mmoja alifumba macho.

"Muda wetu umekwisha, Mme," Boipelo akasema. "Na sitakupa miadi nyingine."

Nyuma ya kioo zilipigwa kelele za uwanja wa mpira. Kama kioo hakikupasuka siku hiyo hakitapasuka tena. Humo ndani wao hawakusikia, kwa sababu kipaza sauti kinapeleka upande mmoja tu. Boipelo aliketi wima akingoja neno. Mme akafungua kinywa. Akakifunga. Akakifungua tena, na neno halikutoka.

"Ijumaa," akasema mwishowe. "Nitalisema Ijumaa, mbele yao wote."

"Ijumaa si kikao, Mme. Ni ahadi yako kwao."

"Ni ahadi."

Nilitoka mbio nikiwa na alama mkononi. Nilitaka kumpa binti huyu alama zote, na mbili za ziada kwa ajili ya mbwa wa Ntate Ramakatsa. Mme alikuwa anajifuta macho kwa kiganja. Akaniinulia kidole.

"Bado, abuti. Kanuni ni kanuni. Mteja hajaaga."

"Mme, mteja ni wewe!"

"Basi mngojeni mteja."

Mkuu wa idara alipoulizwa alisema hajawahi kuona jambo la namna hiyo na hataki kuhusishwa, ila marudio yanaweza kuahirishwa hadi leo. Kwa hiyo, ndugu waalikwa, mlidhani mmekuja kwenye sherehe ya kustaafu, kumbe mmekuja kwenye dakika ya mwisho ya mtihani. Keki ni halali yenu vilevile. Boipelo hajalala vizuri wiki nzima, na mabegi yake ya Welkom anayafunga na kuyafungua.

Mme Puseletso, sasa nageuka kwako. Kwa niaba ya idara, ya baraza, ya watu wa Botshabelo, ya wote walionyamazishwa nawe na baadaye wakashukuru, asante. Kuna watu wengi katika jimbo hili ambao siku mbaya kuliko zote maishani mwao walikutana na mtu aliyejua kuwasikiliza, nao hawatajua kamwe kwamba mtu huyo alifundishwa nawe. Tunakuombea huko Ficksburg nyumba isiyovuja, cheri nyingi kuliko ndege, afya, na majirani wenye muda. Ofisi yako haitakaa tupu. Nimeiomba mimi, na mmea wako nitaumwagilia, ingawa sitausemesha kama wewe.

Naona shavu limeshuka. Ama pipi imekwisha, ama umeitafuna, na kama umeitafuna ukumbi huu una kipaza sauti na tungesikia kuni. Kwa hiyo ni zamu yako kusimama. Ukilia, lia. Maneno yakikataa, usiharakishe, hakuna foleni nyuma yako, na humu ndani hakuna mtu atakayekusaidia hata silabi moja. Boipelo amekaa wima. Jibu letu tunalo sote mdomoni, tumelishika tangu wiki jana, lakini si sisi wa kuanza. Anayeondoka ndiye anayeanza.

Motlatsi Lebuso
Idara ya Saikolojia